Mkanda Uliopanda Mgongoni

Mama Rangi alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi. Mkono wa kulia ulishika brashi. Mkono wa kushoto ulitakiwa kushika ndoo, lakini ulikuwa na shughuli nyingine. Ulikuwa umeingia ndani ya ovaroli, unavuta sidiria kwenda chini.

Alivuta. Akapaka kidogo. Akavuta tena.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi majengo, na katika kikundi chao yeye ndiye aliyepewa dari. Watu wengi hawaipendi dari. Shingo inauma, rangi inadondokea machoni, na kila anayepita chini anakuuliza unatafuta nini huko juu. Yeye aliipenda. Ukuta, alikuwa akisema, hata mtu mwenye usingizi anaweza kuupaka. Dari inataka mikono.

Sasa mikono ilikuwa inamtia aibu. Kila alipoiinua, sidiria ilipanda nayo. Nyuma, mkanda ulipanda hadi katikati ya mgongo. Mbele, ulijitoa chini ya matiti ukaja kukaa juu yake, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaenda kulala chumbani. Basi ashuke nusu ya ngazi, ageukie ukuta, airudishe, apande tena. Kamba za mabegani nazo zilikuwa zimemchimbia mifereji miwili, mmoja kila upande, na bega la kulia lilimuuma hadi shingoni.

"Dada," msimamizi aliita kutoka chini. "Kuna siafu huko?"

"Hakuna."

"Maana naona unajikuna tu."

"Sijikuni. Narekebisha."

"Unarekebisha nini?"

Mama Rangi alichomoa mkono kutoka ndani ya ovaroli. Msimamizi alielewa nusu, akakohoa.

"Sikiliza," alisema. "Leo Ijumaa. Jumatatu tunaanza dari ya ukumbi mkubwa. Rangi yake inakauka upesi. Ukisimama katikati, unabaki mstari, na mstari ule haufutiki. Nataka mtu asiyeshusha mikono. Kama bega linakuuma, sema mapema. Nitampa mwingine ngazi, na wewe utakwangua rangi ya zamani kule stoo."

Stoo haikuwa na dirisha. Aliyekwangua humo alitoka mweupe kama mchawi wa kwenye michezo ya kuigiza, na hakuna aliyekuja kuitazama kazi yake.

"Bega haliniumi," Mama Rangi alisema, na bega likamuuma papo hapo.

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu, mkono mmoja ukiwa mgongoni, unavuta. Njia yake ilipita mbele ya chumba cha fundi cherehani. Fundi huyo alikuwa mama mtu mzima, na watu walimwita Shangazi Pini. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale mtaani. Lakini alikuwa amempima kila mtu kiuno, na aliyekupima kiuno tayari ni ndugu. Alifanya kazi akiwa amebana pini midomoni, kwa hiyo maneno yake yalikuwa machache na mafupi. "Karibu" ilitoka "kabu." Salamu ndefu hakuwa nayo kabisa.

Alimtazama Mama Rangi juu ya miwani, akasema kupitia pini, "Kaza mkanda."

Ilikuwa hivyo wiki nzima. Siku ya kwanza Mama Rangi alijibu vizuri: "Asante shangazi, tunakaza." Siku iliyofuata alisema, "Tumekaza tayari." Ijumaa hiyo hakujibu kitu. Ni kweli hali ya maisha ilikuwa ngumu. Lakini kuambiwa kila siku jioni kwamba ukaze mkanda, uvumilie, na anayekuambia amekaa kwenye kiti chenye mto, inachosha.

Nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Mama mkwe wake, aliyekaa nao, alileta mafuta ya kuchua, akaanza kumsugua bega kama anasugua sufuria lililoungua.

"Ni umri huu, mwanangu."

"Mama, wewe umri umenizidi na mabega yako mazima."

"Mimi sikupanda ngazi. Mwanamke akipanda ngazi, kuna kitu kinahama."

"Kinahama kitu gani?"

"Nitajuaje mimi? Sikupanda."

Mumewe alikuwa na dawa yake. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo kwenye mikokoteni ya soko, na alijivunia fundo lake. Gunia alilolifunga yeye halikuanguka hata mkokoteni ukipita kwenye mashimo. Mkewe alipomlalamikia kwamba sidiria imelegea, yeye hakuona tatizo. Kitu kimelegea, unakaza. Kila asubuhi alisimama nyuma ya mkewe, akashika vile vidude vya kukazia kwenye kamba za mabegani, akavuta.

Jumamosi asubuhi alivuta kuliko siku zote.

"Hapo je?"

"Hapo siwezi kugeuza shingo."

"Basi imekaa."

"Imekaa wapi, baba watoto? Mimi ndiye nimekaa, imenibana kama mwizi."

"Dakika tano utazoea."

Hakuzoea. Kabla hajafika nusu ya njia, mkanda ulikuwa umepanda tena mgongoni, na bega lilikuwa linawaka moto. Mama Rangi alisimama pembeni ya njia. Aliamua. Angefika kazini amwambie msimamizi ampe mtu mwingine dari. Angekwangua stoo, na yaishe. Machozi yalimlengalenga kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani.

Akapita mbele ya chumba cha fundi.

"Kaza mkanda," alisema Shangazi Pini.

Basi hasira ikapata mtu.

"Shangazi, nikaze mkanda gani?" Mama Rangi alisema. "Kila siku kaza mkanda, kaza mkanda. Nimekaza. Sukari tumepunguza. Nyama tunaisikia kwa jirani. Viatu hivi vimeshikwa na gundi. Bega linanikatika, kazi yangu naipoteza leo hii, na wewe bado unaniambia nivumilie. Nikaze mpaka nitokee upande wa pili?"

Shangazi Pini alisimamisha cherehani. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Mtaani walijua: fundi akitoa pini, kuna maneno.

"Mwanangu, nani amekuambia uvumilie?"

"Wewe."

"Mimi nimekuambia ukaze mkanda."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Mkanda wa sidiria, mama. Umepanda mgongoni. Nauona kwenye ovaroli, umevimba kama bomba la maji lililofukiwa vibaya. Wiki nzima nakuambia."

Mama Rangi alipeleka mkono mgongoni, akaupapasa.

"Wiki nzima ulikuwa unasema sidiria?"

"Ulitaka niitangaze njiani, wanaume wanapita na baiskeli? Nilitumia adabu."

"Adabu yako imenila bega, shangazi."

"Ingia ndani. Hilo bega bado lipo."

Ndani kulikuwa na pazia, kioo kirefu na stuli. Shangazi Pini alifunga mlango, akamwambia avue sehemu ya juu ya ovaroli, abaki na sidiria. Akamgeuza ubavu mbele ya kioo.

"Nani anazikaza kamba hizi?"

"Baba watoto."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Ananisaidia."

"Mshukuru, halafu mwambie aache. Sasa tazama kioo. Mikono ikiwa chini, mkanda wako mbele uko wapi?"

"Chini."

"Na nyuma?"

"Juu."

"Ungepaka mstari wa namna hiyo ukutani, msimamizi wako angesemaje?"

"Angenifukuza kabla haujakauka."

"Basi huo ndio ugonjwa wako. Mkanda unatakiwa uzunguke mwili sawasawa, mbele na nyuma, kama mstari ulionyooka ukutani. Mkanda ndio unaobeba mzigo. Kamba za mabegani zina kazi ndogo tu, kushikilia vikombe visilale mbele. Mkanda ukilegea, mzigo wote unahamia kwenye kamba. Kamba zinakukata mabega."

"Ndiyo maana tunazikaza."

"Na mkizikaza, zinauvuta mkanda wa nyuma kwenda juu. Nyuma kukipanda, mbele kunashuka. Mnaona kumeshuka, mnakaza tena. Mnazunguka hapo hapo, wewe na mzee wako, kila asubuhi."

Mama Rangi alizitazama kamba kwenye kioo. Aliwaza asubuhi zote zile.

"Ingiza vidole viwili chini ya mkanda, nyuma," fundi alisema. "Vidole viwili vikiingia kwa kubanwa kidogo, mkanda uko sawa."

Mama Rangi aliingiza vidole. Kisha mkono. Kisha ngumi.

"Shangazi, hapa naweza kupangisha mtu."

"Naona. Umefunga kulabu safu ya ngapi?"

"Safu?"

"Kule nyuma. Kulabu zinaingia kwenye vitanzi. Vitanzi vina safu tatu. Wewe umefunga ipi?"

"Ya pembeni kabisa. Ndiyo naifikia."

"Na hizo nyingine ulidhani za nini?"

"Za akiba. Nilidhani hizi zikikatika, nahamia zile."

Shangazi Pini alikaa kwenye stuli. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, lastiki inachoka. Ukinunua sidiria mpya, chagua inayokushika vizuri ukiifunga safu ya nje, ile inayolegeza. Lastiki ikianza kuchoka, unahamia safu ya kati. Ikichoka zaidi, ya mwisho. Safu hizo ni za umri wake. Wewe umeivaa hadi imezeeka ukiwa kwenye safu ya utotoni."

Alianza kumrekebisha. Kwanza alilegeza kamba za mabegani, na Mama Rangi akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akafunga kulabu kwenye safu ya mwisho, ya ndani. Akamwambia ainue mikono. Mkanda ulipanda bado, ila si kama mwanzo.

"Ingekuwa imetosha hapa, ningekufukuza ukafanye kazi," fundi alisema. "Haijatosha. Hebu tuone kama lastiki ina uhai."

Alivuta kipande cha mkanda, akakiachia. Kilirudi, ingawa kwa uvivu.

"Iko hai. Ingelala bila kurudi, ningekuambia tubadilishe lastiki yote, au uiage. Nguo iliyokufa haishonwi. Hii tunaipunguza."

Alikunja mkanda kidogo nyuma ya kwapa, upande wa kulia, akaushika kwa pini. Kisha akafanya vivyo hivyo upande wa kushoto.

"Pande mbili sawa," alisema. "Ukipunguza upande mmoja tu, kulabu zinahama, sidiria inakaa upande. Wala usiguse vikombe. Vikombe havina kosa."

"Kaza zaidi, shangazi."

"Inatosha."

"Kaza. Jumatatu nina dari. Nataka isipumue hata kidogo."

Fundi alimtazama. Akaongeza mkunjo, akachoma pini.

"Haya. Vuta pumzi hadi chini."

Mama Rangi alivuta. Pumzi iliishia kooni. Akajaribu kukaa kwenye stuli, akasimama upesi.

"Nilisema ikushike," Shangazi Pini alisema. "Sikusema ikukamate. Sidiria ikikuzuia kupumua, ni mbaya kama iliyolegea. Ukiivua jioni ukakuta alama ndogo inayopotea, sawa. Ukikuta ngozi imechubuka, umezidisha."

Akairudisha pini ilipokuwa. Mama Rangi alivuta pumzi, akakaa, akainama, akainua mikono yote miwili kama anapaka dari. Mkanda ulibaki mahali pake. Alishusha mikono akaiinua tena, kwa sababu hakuamini. Kamba zilikuwa zimelala tu mabegani, kidole kimoja kinapita chini yake.

"Bega?" fundi aliuliza.

"Bado linauma. Ila sasa linauma kama kitu kilichoachiwa."

"Ndivyo. Lipe siku chache. Likiendelea kuuma na mkanda uko sawa, nenda ukamwone mganga wa zahanati. Mimi nashona nguo, sishoni mabega."

Alimpa kanga ya kujifunika, akaichukua sidiria na kuiweka mezani. Alishona mikunjo kwa mshono mrefu kwanza, ule wa kushikiza, unaofumuliwa kwa urahisi.

"Ivae hivi leo na kesho," alisema. "Fanya kazi zako nayo. Ikikusumbua, tunafumua. Usikimbilie mkasi. Ukikata, hakuna kurudi."

Mama Rangi alikwenda kazini akiwa amechelewa. Msimamizi alimsubiri mlangoni.

"Ulisema utaniambia kuhusu dari."

"Sikusema."

"Basi mimi nauliza."

"Naifanya," alisema Mama Rangi. Alipita haraka kabla hajaulizwa zaidi, maana nyuzi za kushikiza hazikuwa ahadi ya kumpa mtu.

Siku hiyo na kesho yake alipika, alichota maji, akafagia hadi mahali pasipohitaji kufagiwa, mikono ikipanda na kushuka. Upande wa kulia ulimkwaruza kidogo, kwa sababu mkunjo ulisimama badala ya kulala. Jumapili mchana alirudi kwa fundi.

"Umesimama, tutaulaza," alisema Shangazi Pini. Aliubonyeza mkunjo ukalala upande wa kulabu, akaushona ukiwa umelala, ncha zote mbili. Cherehani ilikwenda kwa mshono wa kupinda, kushoto kulia, kushoto kulia.

"Mbona haunyooki?"

"Mshono ulionyooka hauvutiki. Mkanda ukivutika, uzi unakatika. Huu wa kupinda unavutika pamoja na lastiki. Kama huna cherehani, shona kwa mkono. Mishono midogo, kila mmoja urudi nyuma kidogo, na uvute lastiki kiasi wakati unashona. Upande wa pili shona wewe."

"Mimi mkono wangu wa brashi."

"Brashi na sindano zote zinataka mtu asiye na haraka. Shona."

Akashona kwa mkono. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa imara. Fundi aliipindua, akaguna, akairudisha bila kuifumua. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

"Unaifuaje hii?" aliuliza.

"Maji ya moto. Naisugua, naikamua, naianika juani."

"Imebaki kunyongwa tu. Lastiki inauawa na moto, mama. Maji ya baridi, sabuni kidogo. Usiikamue, ibonyeze ndani ya taulo. Ianike kivulini, na usiitundike kwa kamba zake. Na isivaliwe kila siku. Ukiwa na mbili, moja ivae, nyingine ipumzike."

Nyumbani, mumewe aliona mkewe anacheka peke yake, akataka kujua. Akaelezwa. Alisikiliza huku anakuna kidevu.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa navuta kamba isiyohusika."

"Wiki hadi wiki."

"Na mzigo unabebwa na mkanda wa chini."

"Hebu niambie," Mama Rangi alisema. "Wewe mkokoteni wako unafunga gunia la juu kwanza?"

"Hapana. Nafunga chini. Chini kukilegea, hata ukaze juu namna gani, mzigo unaning'inia, na kamba inakata gunia." Alimtazama mkewe mabegani, mahali penye ile mifereji. "Mbona hukuniambia?"

"Nimwambie nini mfunga mizigo?"

Mama mkwe alikuwa akisikiliza muda wote, mafuta ya kuchua mkononi. Aliinuka, akaingia chumbani kwake. Alipotoka, alikuwa ameingiza mkono ndani ya nguo, nyuma, hadi kwenye kiwiko.

"Vidole viwili, umesema?"

"Viwili, mama."

"Mimi umeingia mkono wote. Huyo fundi anafungua saa ngapi?"

Jumatatu, ukumbi mkubwa ulinuka rangi mbichi. Wawili walishika ngazi chini, wakawa wanaisogeza. Mama Rangi alianzia pembe ya dirishani. Aliinua mikono, akasubiri mkanda upande. Haukupanda. Akaanza kuvuta rola, mstari mmoja juu ya ukingo wa mwingine kabla haujakauka. Mkono wa kushoto ulishika trei ya rangi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu haukuwa na kazi nyingine.

"Sogeza," alisema. Wakasogeza.

"Sogeza."

Msimamizi aliingia, akatoka, akaingia tena. Alikuwa amejiandaa kugomba, na hakupata pa kuanzia.

"Hupumziki unywe maji?"

"Rangi inakauka, bosi. Ondoka kwenye mwanga."

Alipomaliza pembe ya mwisho, mikono ilikuwa imechoka hasa. Ulikuwa uchovu wa kazi, ule unaoisha ukilala. Alishuka ngazi polepole. Mabega yalishuka naye, yote mawili, bila kelele.

Msimamizi alitazama dari akiwa mlangoni. Akaitazama kutoka dirishani. Kisha akalala chali katikati ya sakafu, juu ya magazeti, ili autafute mstari vizuri. Alitafuta sana.

"Haupo," alisema mwishowe, kama mtu aliyenyimwa kitu.

"Inuka hapo, bosi," Mama Rangi alisema, akiosha rola. "Huko bado kunadondoka."

Msimamizi alikuwa bado anafikiria kuinuka, tone likamtua katikati ya paji la uso.